Ukuta umetoka, samaki hazijapanda: kisa cha mto mmoja wa upande wa Kabare

Kisa hiki ni cha mto mdogo unaoshuka toka milima ya upande wa Kabare mpaka Ziwa Kivu, si mbali sana na Bukavu, mashariki ya Kongo. Jina ya mto, ya kijiji, ya chama cha wavuvi na ya watu wote nimeyaficha, juu wengine bado wanakaa pale na hawajamaliza kununiana. Wenye kujua eneo watakisia, sawa, lakini naomba wasitaje. Nimeiandika kwa ajili ya vijana wanaofanya kazi za mito na ziwa, juu naona watu wengi wanataka kubomoa kitu kwanza halafu wanauliza maswali nyuma.

Mto na samaki zake

Mto wenyewe si mkubwa. Kiangazi mtoto anauvuka bila kukunja suruali, lakini mvua ikipiga kule juu saa nane, saa tisa hivi maji inashuka nyekundu na mawe yanagongana ndani hata unayasikia ukiwa barabarani. Unatoka milimani, unapita mashamba ya muhogo na maharagwe, unapita plantasio ya kahawa ya wakati wa wabelji iliyokufa zamani, unavuka barabara ya udongo inayoenda soko, kisha unaingia ziwani kwenye baie ndogo yenye matete.

Ziwa Kivu haina aina nyingi za samaki. Ni kama aina 30 hivi, wakati Ziwa Tanganyika pale chini iko na mamia. Sababu ni ya zamani sana: maji ya bonde hili ilikuwa inaelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward, mpaka volkano za Virunga zikafunga njia, ziwa likajaa na kutoboa njia mpya kusini kwa mto Ruzizi, unaoingia Tanganyika. Na Ruzizi inashuka kwa maporomoko makali, samaki za Tanganyika hazikuweza kupanda. Kwa hiyo samaki za asili za Kivu ni ndugu za zile za Edward na Victoria, na kati yake kuna aina 15 za Haplochromis, samaki ndogo za jamii moja na tilapia, ambazo huzipati kwingine popote. Sambaza, dagaa tunayokula kila siku, si ya asili hapa, ililetwa toka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950. Watu wengi hawajui, wanafikiri sambaza ilikuwa hapa tangu Adamu.

Samaki ya kisa hiki ni barbusi mkubwa, wenye masomo wanaiita Labeobarbus altianalis, ile ya magamba mapana na masharubu mafupi pembeni ya mdomo. Inakaa ziwani, lakini ikitaka kutaga inatafuta mto: maji inayokimbia, yenye hewa, na chini kuwe changarawe safi ambayo mayai yanaweza kujificha bila kufunikwa na matope. Inapanda mvua zikirudi, kwetu ni Septemba na kuendelea. Wazee wa baie ile walikuwa wanasema utotoni mwao mvua ya kwanza ikinyesha walikuwa wanakimbia mtoni usiku na taa, na sasa wavuvi wa leo wanaipata mojamoja tu, ingine kubwa, ndogo karibu hakuna. Ukiona ziwa lina wazee bila watoto jua kuna mahali kutaga kumekwama.

Vizuizi viwili, na kimoja hakuna aliyekihesabu

Chama cha wavuvi kilienda kwa mwalimu mmoja wa hidrobiolojia, elimu ya viumbe vya majini, na yeye akaja na wanafunzi wake na ingenieri mmoja, hao ndio timu. Walitembea mto wote toka matete mpaka porini.

Cha kwanza walichokutana nacho toka chini ni barabara. Chini ya barabara kuna tiyo kubwa ya beto, mtu anaweza kuingia ameinama, iliwekwa na shantie moja ya barabara ili kamyo za ndizi na za bia zipite. Upande wa chini maji ilikuwa imechimba shimo kwa miaka, kwa hiyo mdomo wa tiyo ulibaki unaning'inia juu ya maji, kimo cha goti hivi. Waliandika kwenye daftari "daraja", wakaendelea kupanda.

Cha pili, mwendo wa nusu saa juu yake, ni ukuta. Mawe na simenti, kimo cha kifua cha mtu mzima, plantasio ndio iliujenga ili kupeleka maji kwa mashine ya kuosha kahawa. Mashine iliuzwa kama vyuma vya zamani, ukuta ukabaki. Nyuma yake bwawa lilikuwa limejaa matope mpaka karibu na mdomo, maji yenyewe juu ya matope ilikuwa kidogo.

Na chini ya ukuta, Oktoba, waliona barbusi kubwa zikiruka na kugonga mawe. Hapo njo hukumu ilikatwa. Samaki ziko pale, zinaruka, ukuta unazizuia, basi adui ni ukuta. Foto zilipigwa, zikaenda kwenye dosie ya kuomba pesa, na ukweli foto ile ilikuwa nzuri sana, hata mimi ningetoa pesa.

Zaidi juu kabisa kuna maporomoko ya asili, mwamba mtupu, nitarudi kwake.

Nani alikuwa anakula kwa ukuta

Ukuta uliokufa kwenye karatasi ulikuwa hai kwa watu. Kuna tiyo nyembamba ya plastiki ilichomekwa pembeni ya bwawa inayoleta maji kwenye robine ya kijiji, na robine ile inahudumia nyumba nyingi. Bamama wanafua pale juu ya mawe bapa. Vijana wa matofali wanachota maji ya kukanyagia udongo. Na kuna papa mmoja, nitamwita Muzee wa migono, ambaye kila msimu wa mvua anatega migono, mitego ya kusuka, chini ya ukuta. Samaki inaruka, inachoka, inarudi nyuma, inaingia kwenye mgono. Familia yake ilisoma kwa hizo samaki, si utani, aliwalipia watoto watatu skuli.

Kulikuwa pia na woga. Ilikuwa nyuma ya mafuriko ya Kalehe ya Mei 2023, kwenye vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, ambako zaidi ya watu 400 walikufa, na kila familia ya pale iko na mtu iliyempoteza au inayemjua aliyepoteza. Kwa hiyo uliposema "tubomoe ukuta wa mto" watu walisikia "tufungulie maji ije kutuua". Mwalimu alilazimika kueleza mara nyingi kwamba bwawa lililojaa matope haliko na nafasi ya kushika maji ya mafuriko, kinyume chake linainua maji na kuisukuma pembeni kwa mashamba. Alichukua sufuria, akaijaza udongo mpaka juu, akamimina kikombe cha maji, ikamwagika yote pale pale mbele ya watu. Hapo wengi walinyamaza. Nafikiri ndio dakika iliyofaa zaidi kwa mikutano yote ile, na haikugharimu franka hata moja.

Mama mmoja, kiongozi wa likelemba ya pale, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, hakunyamaza. Alimwambia ingenieri mbele ya shefu: "Papa ingenieri, samaki yako ikikosa maji itarudi ziwani. Mimi nikikosa maji nirudi wapi?" Akaongeza kwamba ukuta hautaguswa mpaka yeye mwenyewe afungue robine na kuona maji ya njia mpya ikitoka, sio kuonyeshwa plani kwenye karatasi.

Maamuzi, na kwa nini

Pesa iliyopatikana ilikuwa ndogo, ya kutosha kizuizi kimoja na kitu kidogo juu. Kwenye dosie kulikuwa kumeandikwa ukuta. Kuna mwanafunzi mmoja wa kike aliuliza kwenye mkutano, "na tiyo ya barabara je?" Jibu lilikuwa kwamba samaki zimeonekana juu yake, kwa hiyo zinapita. Tena tiyo ni ya barabara, barabara ni ya serikali, kuomba ruhusa ya kugusa barabara ni kuzunguka mabiro mwaka mzima, wakati mwenye ukuta hajulikani na shefu amekubali. Nikisema ukweli, sababu ya pili njo iliyokuwa na nguvu, ya kwanza ilikuwa kisingizio kizuri.

Ruhusa hata hivyo haikukwepeka. Sheria ya maji ya 2015, namba 15/026, inagusa kazi za mtoni, na ile ya mazingira ya 2011 inataka athari ziangaliwe kabla ya kazi. Timu ilipeleka barua, ikasubiri, ikapata karatasi. Wengine walisema ni kupoteza wakati kwa ukuta wa kimo cha kifua. Lakini karatasi ile iliwaokoa baadaye, mtaona.

Uamuzi wa pili ulikuwa maji ya robine kwanza, ukuta nyuma. Walipanda juu zaidi, wakajenga kisanduku cha kushika maji pembeni ya mto bila kufunga mto, wakashusha tiyo kwa mteremko. Hii ilikula zaidi ya theluthi ya bajeti, na mfadhili aliuliza kwa nini pesa ya samaki inajenga robine. Mwalimu alimjibu kwa simu, nilikuwa karibu, alisema tu: "Bila robine hakuna samaki."

Uamuzi wa tatu ulikuwa juu ya matope. Kosa la kawaida la kubomoa ni kupiga ukuta chini siku moja, matope ya miaka yote inashuka kwa pamoja, inafunika changarawe ile ile unayotaka samaki zitage, na inaua kila kitu mpaka ziwani. Hata kule Marekani kwa mto Elwha, ambako kati ya 2011 na 2014 waliondoa mabaraji mawili, moja la kimo cha mita 64, walilishusha kubwa kwa vipande wakisimama kati kati ili mto ubebe matope kwa kiasi. Wao walikuwa na mashine, hapa kulikuwa na baramini, majembe na salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, lakini akili ni ile ile: kata mlango katikati, shusha kidogo, subiri, shusha tena, na matope unayoweza kuyatoa kwa mkono yatoe kabla.

Watu walifurahi kusikia matope yatatolewa, juu ni meusi, mazito, kila mtu alitaka kwa bustani yake ya lengalenga. Mwalimu akakataa. Plantasio za kahawa zilikuwa zinapuliziwa dawa zenye shaba dhidi ya ukungu, na shaba haiozi, inakaa kwenye matope. Hapakuwa na pesa ya laboratwari ya kupima, kwa hiyo akasema kama hatuwezi kupima basi tusile. Matope yakapelekwa kwenye kipande cha mikaratusi mbali na mto, yakazungushiwa majani ya tripsakumu. Walimnung'unikia wiki nzima. Mimi naona alikuwa na haki.

Uamuzi wa nne ni maporomoko ya juu. Vijana walikuwa wamechangamka, mmoja akasema tukimaliza ukuta tupige na mwamba ule ili samaki zifike mpaka porini. Hapana. Kizuizi cha asili si uchafu wa kuondoa, kila kinachoishi juu yake kimezoea kukaa bila barbusi na bila tilapia. Bila maporomoko ya Ruzizi leo Kivu ingekuwa na samaki za Tanganyika na zile Haplochromis zetu sijui zingekuwa wapi. Kwa sababu ile ile walizunguka mabwawa ya ufugaji ya mtaa mzima kuona kama kuna tilapia za kuletwa, rendalli na macrochir, ambazo zingepanda kwa njia iliyofunguliwa. Zipo ziwani tayari, lakini sehemu ya mto juu ya ukuta hazikupatikana, na maji pale inakimbia sana kwao, kwa hiyo waliona hatari ni ndogo, wakaendelea.

Kiangazi cha ukuta

Kazi ilianza Juni mwisho, mvua zikiwa zimekatika. Mama wa likelemba alifungua robine mpya, akaacha maji imwagike kwenye bidoni mpaka ikajaa, akaionja, akasema sawa. Kesho yake nyundo zikaanza.

Simenti ya zamani ilikuwa ngumu kuliko walivyofikiri, baramini zilikuwa zinaruka tu. Walichofanya ni kuchimba chini ya mawe ya pembeni na kuyang'oa moja moja kuanzia juu. Mto uligeuzwa kwa mfereji wa pembeni uliopigwa mifuko ya mchanga, na hata hivyo maji chini ilikuwa kama chai ya maziwa siku za kazi, kwa hiyo walikubaliana kazi ni asubuhi tu, mchana mto upumzike na bamama wafue. Agosti mwisho mlango ulikuwa umeshuka mpaka kitanda cha mto, upana wa hatua tatu, na mabega mawili ya ukuta yalibaki kila upande.

Kuacha yale mabega kulikuwa ni kwa kubana pesa. Njo yaliyoleta ubaya wa kwanza.

Mvua ya kwanza

Mvua zikaja. Mto ukapita mlangoni kwa kasi, na juu ya ukuta kitanda kikaanza kujichimba chenyewe kurudi nyuma, jambo la kawaida ukiondoa kizuizi, maji inatafuta mteremko wake wa zamani. Kipande cha ukingo cha familia moja kilikatika na migomba minne ikaenda. Familia ikaenda kwa shefu ikisema timu imeharibu shamba. Hapo karatasi ya ruhusa na plani iliyosainiwa ndio zilizuia kesi isiwe kubwa, timu ikalipa migomba, ikapanga mawe makubwa kwa ngazi juu ya mlango ili kuvunja nguvu ya maji, ikapanda matete pembeni. Ilishika.

Muzee wa migono yeye alikuwa amepewa kazi ya sentineli, mlinzi wa mto, analipwa kidogo kila mwezi wa mvua, kama fidia ya kupoteza mahali pake. Alikubali mbele ya watu wote. Wiki ya pili ya Oktoba wanafunzi wakakuta migono miwili imekaa sawasawa katikati ya mlango, imeshikwa na mabega ya ukuta yale yale. Zamani samaki ilikuwa na mto mzima wa kuzungukia, sasa kila samaki inayopanda lazima ipite hatua tatu zile. Alipoulizwa akasema si yake, ni ya mkwe wake. Sentineli kulinda mahali ambapo yeye mwenyewe njo mvuvi, sijui nani aliifikiria, lakini nani hajawahi kuona hiyo kwa maproje.

Lakini hata migono ile haikushika kitu. Hapo njo watu walianza kushangaa. Juu ya ukuta hakuna barbusi. Mlangoni hakuna. Chini ya ukuta, pale zilipokuwa zinaruka mwaka uliopita, hakuna. Wavuvi wakasema mwalimu amedanganya. Mkutano mmoja ulivunjika kwa makelele.

Tiyo

Aliyegundua ni kijana wa matofali. Jioni moja alikuwa ananawa miguu chini ya barabara, akaona maji inatikisika kwenye shimo chini ya tiyo, akaita wenzake. Walikuwa wanarusha kokoto kwa mchezo, mwalimu alipofika akawaomba waache, wakae kimya waangalie.

Barbusi zilikuwa pale, nyingi. Moja inapiga mkia, inaruka, inafika mdomo wa tiyo, nusu ya mwili iko ndani. Lakini ndani maji ni nyembamba, imetandazwa juu ya beto laini, haifiki hata katikati ya mbavu. Tumbo linasugua beto, mkia uko nje unapiga hewa, hauna kitu cha kusukuma. Inateleza, inaanguka shimoni. Inakuja ingine. Na ingine. Ukipeleka mkono kwenye mdomo wa tiyo ulikuwa unakuta magamba yamenata pale.

Sasa zile za mwaka uliopita zilipandaje? Ile Oktoba mvua zilikuwa kubwa sana, mto ulijaa mpaka maji ya chini ikainuka na kufunika mdomo wa tiyo, kwa masaa machache njia ikawa tambarare, samaki chache kubwa zenye nguvu zikapita, zikaenda kukwama ukutani, zikapigwa foto. Mwaka wa kazi mvua zilikuja polepole, hakukuwa na siku kama ile. Na samaki ndogo hazikuwahi kupita mwaka wowote, juu maji ikijaa ndani ya tiyo inakimbia kama risasi na hakuna jiwe la kupumzikia nyuma yake. Kwa hiyo tiyo ilikuwa inafunga kwa njia mbili: maji kidogo ni kimo na wembamba, maji mingi ni kasi. Ukuta ulikuwa unazuia chache zilizobahatika tu.

Kubadilisha tiyo kuliomba pesa ambayo hakuna aliyekuwa nayo, na kukata barabara ya soko. Timu ikafanya kitu cha bei ndogo. Chini ya shimo walijenga vizingiti vya mawe makubwa, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kinainua maji kwa kiganja hivi, chenye pengo katikati, mpaka maji ya shimo ikapanda na kurudi ndani ya mdomo wa tiyo. Kuruka kukaisha. Ndani walifunga mawe kwa simenti, moja kushoto moja kulia, ili maji ipige kona, iwe na kina na iwe na vivuli vya kupumzikia. Biro ya barabara ilikubali kirahisi kuliko walivyoogopa, juu hakuna aliyekata barabara na vizingiti vilikuwa vinalinda msingi wa tiyo usichimbwe zaidi. Kumbe wangeuliza mapema.

Msimu uliofuata barbusi zilipita tiyo bila mvua kubwa. Kiangazi kilichofuata watoto walikuwa wanakamata kwa kikapu barbusi changa za urefu wa kidole kati ya barabara na mahali palipokuwa ukuta, na chache juu yake. Vibarbusi vidogo vya jamii ya Enteromius, ambavyo havikuwahi kuonekana juu ya barabara, vilikuwa vimejaa kwenye vidimbwi vya pembeni. Mabega ya ukuta yalivunjwa pia kiangazi hicho, mto ukapata upana wake, na mgono haukuwa tena na mahali pa kushikilia.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kutanguliza robine ndio jambo lililofaa kuliko yote. Lilikula pesa, lakini bila hilo ukuta ungesimama mpaka leo. Ninaona maproje mengi yanaweka maji ya watu kama kitu cha kuongeza mwishoni, "activite ya jamii", wakati pale ilikuwa ndio ufunguo wa mlango. Matope pia yalishughulikiwa kwa akili. Baie haikufunikwa, changarawe chini ya ukuta ilikuwa safi wakati samaki zilipofika, na uamuzi wa kutokula matope yasiyopimwa ningeurudia popote plantasio imepita.

Kilichoshindikana kwanza ni mpangilio. Mto unafunguliwa toka ziwani kupanda, sio toka katikati. Kizuizi cha chini kabisa njo kinaamua, hata kikiwa kidogo, hata kikiwa kinaitwa daraja. Kuona samaki juu ya kizuizi si ushahidi kwamba kinapitika, unauliza ni samaki ngapi, kubwa au ndogo, na siku gani ya maji. Fita moja ya kushona na jiwe la kuelea, lile jepesi la volkano, zingetosha: pima kimo cha kuanguka, kina cha maji ndani, na kasi, kiangazi na mvua. Mwanafunzi yule aliyeuliza swali alikuwa wa mwaka wa pili, hakupewa hata nafasi ya kumaliza sentensi yake ya pili, na hilo nalo ni sehemu ya kisa.

Ya pili, hakuna aliyehesabu samaki kabla ya kazi kwa namna ya kurudiwa. Kulikuwa na foto na maneno ya wazee. Kwa hiyo leo ukimwambia mfadhili samaki zimeongezeka, anakuuliza toka ngapi, na wewe unabaki kuonyesha foto ya watoto na kikapu. Sehemu tatu za mto, wavu ule ule, dakika zile zile, kila mwezi wa kwanza wa mvua, ingekuwa kazi ya wanafunzi wawili.

Muzee wa migono ni jambo gumu zaidi na sioni kama lilitatuliwa. Alipoteza kipato cha kweli, na mshahara wa sentineli uliisha proje ilipoisha. Shefu aliweka sheria kwamba hakuna mgono wala mosikitere (chandarua) mtoni toka mvua ya kwanza mpaka Desemba, na chama cha wavuvi kinaisimamia, lakini wavuvi wa baie ndio wanaopata faida ya samaki zinazorudi ziwani, wakati yeye anakaa juu na hapati kitu. Chama kiliahidi kumpa nafasi kwenye mtumbwi mmoja. Mara ya mwisho niliposikia alikuwa bado anasubiri, na mkwe wake alikuwa ameonekana usiku na taa.

Na vizingiti vya mawe havikai vyenyewe. Kila mvua kubwa inasogeza jiwe moja au mawili, pengo linahama, mdomo wa tiyo unaanza tena kuning'inia. Walikubaliana na vijana wa matofali kwamba kila Septemba kabla ya mvua wanarudisha mawe mahali pake, na kwa malipo wanaruhusiwa kuchota mchanga chini ya barabara. Shida ni kwamba mchanga mzuri zaidi uko juu, pale pale kwenye changarawe za kutagia, na kamyo ya mchanga inafika kirahisi zaidi upande ule. Mwaka huu shefu ameweka kamba na kitambaa chekundu kuonyesha mpaka. Kamba ilikuwa bado ipo wiki mbili zilizopita.